Fahali Niliyenyimwa kwa Kuchezesha Katuni

Karakana ya Redio,
Mirongo, Mwanza.
22 Julai, 1996.

Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Ngoma,
Usagara.

Ndugu Mwenyekiti Mihayo,

YAH: FAHALI WA MASHINDANO KUPEWA MTU ASIYE MIMI

Natumaini barua hii itakukuta umeshapona mafua ya lile vumbi la uwanjani. Mimi mzima, isipokuwa goti. Nakuandikia kwa heshima ya kiti chako, wala si kwa sababu tulicheza safu moja ya ngoma ya majembe miaka kumi na miwili, wewe ukilirusha jembe na mimi nikilidaka. Hayo nayaweka pembeni. Hapa nasema kama raia.

Kwa faida ya wajumbe wageni: mimi ndiye Nestory Kashindye, fundi redio. Elimu yangu darasa la sita. La saba nililiacha kwa kuwa mwalimu alikuwa anarudia mambo. Goti langu liliumia nilipozuia lori la pamba lisibingirike pale Nyegezi. Mke wangu Dorotea anasema niliteleza bafuni na ndoo, lakini yeye hakuwepo. Tangu siku hiyo sichezi, na mwaka huu nikasikia kikundi chetu kimefuta jina langu daftarini, eti asiyecheza si mchezaji. Sikununa hata kidogo. Nilikwenda kutafuta wachezaji wangu mwenyewe.

Niliwapata chini ya kiti cha basi dogo. Tangu biashara iwe ruksa, magari ya mtumba yanaingia kutoka Japani na vitu vyake ndani, na katika hilo moja lililoletwa nitengeneze redio, nikakuta mkanda wa video umejaa katuni za Kijapani. Mabinti macho kama visahani, vijana nywele zimesimama kama mkonge, na mtu wa chuma mrefu kuliko mnara wa kanisa. Wote wanapigana kwa mapanga. Nikawaangalia siku tatu, nikagundua jambo ambalo hata Wajapani wenyewe hawalijui: hawa hawapigani. Hawa wanalima, ila hawajapata ngoma.

Nikaunganisha deki mbili. Moja inaonyesha, ya pili inarekodi, kidole changu kiko kwenye kitufe. Mapanga yakishuka, ngoma yetu ya majembe ilie papo hapo kutoka kwenye kaseti. Yakichelewa hata kidogo, narudisha nyuma naanza tena. Nilibonyeza mara mia mbili na kumi na saba. Mkanda mpya sikuwa nao, nikachukua ule uliolala kabatini tangu yule padre mpenda ngoma arudi kwao, nikarekodi juu yake. Mteja mmoja aliyetoka Nairobi ananiambia ng'ambo wapo vijana wanaokatakata katuni namna hii na kuzitia muziki wanaoupenda. Sibishi. Ila wao wana mashine. Mimi nina kidole.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Katibu wako alikataa kuniandikisha. Alisema mbele ya watu, "Mzee Nestory, hiyo ni televisheni, siyo kikundi." Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa na wachezaji kumi na tisa, wote wana sare, wote wamefika kwa wakati, na hakuna hata mmoja aliyeomba pombe kabla ya kucheza. Nitajie kikundi kingine cha namna hiyo Usagara. Hata Misungwi nzima.

2. Mhoja, kiongozi wa kikundi cha Bagika, alipiga kelele kwamba nimetumia dawa ya kuvuta watu. Mhoja huyu huyu ambaye alfajiri alionekana akifukia kitu katikati ya uwanja, na akafukia kwa mikono miwili! Dawa yangu mimi ilikuwa jenereta. Niliiweka hadharani, inanguruma, kila mtu anaiona. Kama kuna mganga mwingine aliyeonyesha dawa yake waziwazi hivyo, ajitokeze.

3. Mjumbe mmoja aliuliza wachezaji wangu ni wenyeji wa kijiji gani. Mbona wenzetu Bagalu, wapinzani wa Bagika, waliazima mpiga ngoma kutoka Magu na hakuulizwa? Wachezaji wangu nimewalea nyumbani miezi mitano. Dorotea anawajua mmoja mmoja. Yule mwenye nywele nyekundu amempa jina la dada yake Wilhelmina, kwa kuwa wanagomba sawasawa.

4. Ilisemwa mchezaji lazima atoe jasho. Televisheni yangu ilipata moto hadi ungeweza kuikaangia yai. Sijui mlitaka jasho gani tena.

5. Hili ndilo kubwa. Kanuni ya mashindano yetu tangu zamani haina mwamuzi wala filimbi. Pande mbili zinacheza wakati mmoja, na aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Basi! Na mnamo saa kumi kasoro robo, wajumbe wote mkiwa macho, umati uliwaacha Bagalu, ukawaacha Bagika, ukaja kuizunguka televisheni yangu ya inchi kumi na nne. Walioko nyuma waliona migongo ya walioko mbele, na hawakuondoka. Wanawake wazee walipiga vigelegele. Wapiga ngoma wa Mhoja waliziacha ngoma zao chini wakaja kuchungulia. Fahali mwenyewe aligeuza kichwa. Na wewe, Ndugu Mwenyekiti, uliteremka jukwaani, ukasimama pale, ukavua kofia. Nilikuona kwa macho yangu. Kisha ukarudi, ukavaa kofia, ukampa Mhoja fahali.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

(a) Nipewe fahali wangu. Kama ameshaliwa, nipewe mwingine mwenye pembe kama zile zile, maana nilishazisifia mtaani.

(b) Kuanzia mwakani vikundi vyote viwe vya mkanda. Wachezaji wabaki majumbani walime, majembe yarudi shambani yalikotoka, na mkoa wetu utavuna pamba hadi tukose pa kuiweka.

(c) Kamati iiombe Serikali iwaandikie Wajapani waache kuchora mapanga, wachore majembe. Nitawatumia kipimo cha mpini.

(d) Jina langu lirudishwe daftarini, mstari ule ule, chini ya lako.

Nimewasamehe wajumbe wote isipokuwa katibu, ambaye nitamsamehe akija kuchukua redio yake. Mpe mama mkwe wako shikamoo yangu, wasalimie watoto, msalimie na Mhoja, mwambie asimalize nyama.

Ni mimi mwenzenu katika maendeleo ya ngoma,
Nestory Kashindye,
Fundi na Kiongozi wa Kikundi cha Mkanda.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Dorotea ameifungua, amesoma, akaniambia, "Baba, usipoandika ukweli nitauandika mimi, na mwandiko wangu unasomeka." Basi ukweli ni huu. Katuni zangu ziliisha saa tisa na nusu na kitu, zikiwa na watazamaji saba, wawili wamelala. Mimi nilikuwa nimekwenda kuongeza mafuta kwenye jenereta, deki sikuizima, na mkanda ukaendelea kwenda. Kilichotokea hapo ni kile kilichokuwa chini yake, alichopiga padre kwa kamera yake mwaka 1984: safu yetu. Wewe unarusha jembe, linazunguka juu kabisa, mimi nalidaka bila kuangalia. Hapo ndipo watu walipohama. Waliokuwa wanapigiwa vigelegele ni mimi na wewe.

Kwa hiyo mwacheni Mhoja na fahali wake, na maombi yangu mengine yafute. La (d) usilifute.

Na uje Jumapili tuangalie. Nimekivunja kwa kisu kile kijino cha plastiki mgongoni mwa mkanda, ili asije mtu akarekodi juu yake tena. Zimebaki dakika nne. Padre alipiga nusu saa nzima. Nyingine zote nilizifuta mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki hiki.