Kitanda cha Mtu wa Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Mafuta yamepatikana! Waziri katangaza redioni, sauti ikimtetemeka kwa furaha. Nchi yetu hii, ambayo kwenye ramani ya darasani ilikuwa inafunikwa yote na kichwa cha pini, leo ina mafuta. Nikaacha msumeno katikati ya mguu wa meza. Nchi iwe na mafuta, halafu mimi niwe na maranda kwenye nywele? Haiwezekani.

Mpango wangu: karakana inageuka chumba cha wageni. Watu wa mafuta watakuja, watu wa mafuta hulala. Mke wangu akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu kwamba msala huu haupiti, umekuja kutandikwa. Akaguna, akaendelea kuchambua maharage.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuza vifaa vyote kwa Msumari. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayejiita seremala huko mwisho wa mtaa. Jina lake limetokana na kazi zake: kiti kikilegea, msumari, mlango ukigoma, msumari. Amechukua misumeno, patasi, hata randa ya marehemu baba. Alikuwa anacheka peke yake njia nzima. Mjinga hajui kwamba useremala umekufa.

Kachukua na kitanda chetu. Cha mvule, nilikichonga mwenyewe tulipooana, ndimi za mbao ndani ya matundu, bila msumari hata mmoja. Lakini mtu wa mafuta hawezi kulazwa kwenye kitanda cha mtaani. Anahitaji kitanda cha kiwango, na kitanda cha kiwango kinatoka nje na kina gharama zake. Mimi na mke wangu tutalala kwenye mkeka kwa muda. Akauliza muda gani. Hana subira kabisa na mambo ya uchumi.

Jumatatu, 10 Machi

Kitanda cha kiwango kimefika, ndani ya boksi la karatasi! Muuza duka kanieleza kwamba pesa yetu imepata nguvu kwa sababu ya mafuta, kwa hiyo vitu vya nje vimekuwa rahisi, na ni mshamba gani atanunua kitanda cha hapa. Nikamkumbusha kwamba mafuta yenyewe bado yako chini ya ardhi. Akasema ndiyo uzuri wake.

Nimekiunga kwa skrubu na kifungulio kilichopinda. Mbao zake si mbao. Ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, juu wamebandika karatasi yenye picha ya mbao. Nilipokuwa seremala ningetema mate. Sasa ni mwekezaji, nikakipangusa vumbi.

Bafu la mgeni linavuja. Fundi bomba kakataa kuja! Anasema hashughuliki tena na mabomba madogo, anasubiri bomba kubwa la mafuta. Mkulima wa vitunguu wa bondeni naye kang'oa miche, yuko kwenye foleni ya kuomba kazi ya ulinzi getini kwa mradi wa mafuta. Vitunguu vyenyewe sasa vinakuja kwa meli. Nimekasirika mno. Watu wa nchi hii ni wavivu, wakisikia harufu ya utajiri tu wanatupa kazi zao. Mimi nimeacha yangu kwa mpango.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna mgeni hata mmoja. Nimekwenda mradini kuuliza kulikoni. Mlinzi, yule yule wa vitunguu, kaniambia kampuni inaleta kila kitu chake: nyumba za kontena, vitanda, mikate, hata maji ya kunywa. Maji! Wamekuja kuchimba kwetu halafu wanaogopa maji yetu. Nikarudi kwa miguu nikisema peke yangu mpaka mbwa wakanipisha.

Jumapili, 16 Machi

Nimepata mgeni! Kontena zimekwama bandarini, maana nchi nzima inaagiza vitu na meli zimepanga foleni. Kwa hiyo mhandisi wa kampuni anatafuta chumba. Mtu mnene, mpole, ana buti za matope. Nikamfungulia mlango, nikamwonyesha kitanda kama mtu anayeonyesha mtoto wake wa kwanza.

Akakaa ili avue buti. Kitanda kikatoa pumzi, kikashuka.

Si kuvunjika. Kilibomoka! Unyevu wa mvua hizi umeingia kwenye ule unga, ukaumuka. Mhandisi alikaa chini katikati ya mabaki, akachota kidogo kwa vidole, akauliza nani katengeneza. Nikasema wataalamu. Akauliza mimi kazi yangu ni nini. Nikasema mwekezaji. Mke wangu akapaza sauti kutoka koridoni kwamba ni seremala. Mhandisi akanitazama, akajipangusa ule unga kwenye suruali, akatoka na buti zake.

Jumatatu, 17 Machi

Usaliti! Mhandisi kahamia kwa Msumari. Analala kwenye kitanda changu! Na asubuhi katangaza mtaa mzima kwamba tangu aje nchi hii hajalala hivi. Kaagiza vitanda vya mtindo ule ule kwa kambi nzima. Kwa nani? Kwa Msumari! Mtindo wangu, ndimi zangu, mvule niliouchagua mimi.

Mke wangu naye kahamia huko. Si kwa ajili ya kitanda, maana mhandisi yumo. Ni kwa sababu yangu mimi. Kasema atarudi siku kitanda kitakaporudi, na mgongo wake hauna mpango wa uwekezaji. Nyumba imenyamaza. Nimekula mkate mkavu nimesimama. Inauma, sifichi.

Alhamisi, 20 Machi

Nilijua! Msumari hawezi kuchonga ndimi. Kajaribu kwa misumari, kitanda kikalia kama mlango wa ghala. Nikaenda kwake, nimevaa shati la pasi, kumwambia kwamba niko tayari kumshauri. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akanitupia aproni. Shemeji gani huyu! Malipo yangu tumekubaliana: kazi ikiisha, kitanda na randa ya baba vinarudi nyumbani. Na mke.

Alhamisi, 27 Machi

Nachonga kuanzia asubuhi. Mbao hazipatikani, wapasua mbao wote wako getini kwa mradi. Tumezitoa kwenye paa la ghala bovu. Msumari anapita nyuma yangu mikono kiunoni, ananisahihisha. Yeye! Mke wangu analeta chai kwa wote, ya kwangu haina sukari.

Lakini leo ulimi mmoja uliingia kwenye tundu lake bila nyundo, kwa kusukumwa na kiganja tu. Nilisimama nikiutazama. Mke wangu alikuwa mlangoni, naye kauona. Nikajifanya napangusa jasho.

Jumatano, 9 Aprili

Kisima cha mafuta kimetoa maji ya chumvi. Basi! Waziri kasema redioni tusikate tamaa, chumvi nayo ni maliasili. Na serikali ilishakopa kwa ahadi ya mafuta hayo, ikajenga mzunguko wa barabara wenye sanamu ya tone kubwa. Tone lipo, mafuta hayapo. Mhandisi kaaga kwa heshima, akashikashika mguu wa kitanda kabla ya kuondoka.

Sasa pesa yetu imelegea, vya nje havishikiki, na vitanda vya unga vimebomoka nyumba baada ya nyumba. Watu wamejaa kwa Msumari, vile vitanda vya kambi tulivyochonga wamevinunua vyote. Msumari kutimiza ahadi katimiza, siwezi kumnyima hilo. Kitanda kimerudi, randa imerudi. Mke wangu kaja nyuma ya mkokoteni na furushi lake. Katandika shuka, kaniwekea sukari. Nimeapa mbele yake kwamba mimi ni seremala na nitakufa seremala. Akafuta machozi kwa kanga. Mimi pia, kidogo.

Ijumaa, 11 Aprili

Madini! Mlimani! Mawe ya kutengenezea betri! Waziri katangaza saa ile ile, kwa sauti ile ile.

Nimetua randa. Nimefikiri kwa makini, sikukurupuka. Kosa la mwanzo halikuwa langu, lilikuwa la mafuta. Mafuta ni kimiminika, yana tabia ya kukimbia. Jiwe litakwenda wapi? Na watu wa mawe watahitaji pa kulala, tena vitanda vya kiwango, safari hii vya chuma. Msumari kasema anachukua randa na kitanda kwa bei ile ile. Hakucheka hata kidogo, kitu ambacho kimenishangaza.

Mke wangu kakaa juu ya kitanda tangu adhuhuri, kakunja mikono, anasema hashuki. Sikubishana. Nimemtumia Msumari ujumbe aje na wabebaji wanne badala ya wawili.