Cheo cha Mama kwa Kiingereza

Jumatatu, 4 Mei
Mwalimu wa Kiingereza kataka kila mtu aandike cheo cha mzazi na mahali pa kazi, vihusishi viwe sahihi. Karatasi zitabandikwa ukumbini Jumamosi, siku ya wazazi. Mama anafua mashuka ya hospitali. Binamu yangu, jirani yangu darasani, kamwandika baba yake meneja. Nikachungulia. Mkono wangu ukamfanya mama mkurugenzi wa mashuka wenyewe: "Director for Linen in the Hospital."

Jumatano, 6 Mei
Karatasi imerudi. Mwalimu kakata "for", kaweka "of". Kakata "in", kaweka "at". Chini: vizuri, sasa hakuna kosa. Vihusishi vimepona, uongo haukuguswa. Binamu kauliza shangazi yake, yaani mama, kapanda cheo lini, maana jana alimwona na beseni. Nimempa kalamu yangu mpya anyamaze.

Ijumaa, 8 Mei
Nimemwambia mama siku ya wazazi imeahirishwa. Kasema pole, mwanangu, na gauni nilishapiga pasi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliipima, nikaona itanifikisha Jumapili.

Jumamosi, 9 Mei
Haikufika. Mjomba, baba yake binamu, kampitia mama nyumbani, kaja naye. Mzee mmoja aliyesoma karatasi yangu ukutani akaulizia mama yangu ni yupi, akamfuata: mheshimiwa mkurugenzi, mke wangu amelazwa sakafuni, nisaidie kitanda. Mama kageuka kumtafuta mkurugenzi nyuma yake. Binamu kamtafsiria ile karatasi, neno kwa neno, akionyesha kwa kalamu yangu. Mama kamwambia mzee yeye ni dobi, vitanda hana, ila shuka la mkewe atalifua mwenyewe. Mzee kaondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Nilibaki huko.
Nyumbani mama kauliza jambo moja tu: kwani kazi yangu haina Kiingereza?

Jumapili, 10 Mei
Mama kaniambia niandike upya, ukweli mtupu, nikabandike kesho. Nimeandika "Laundry Worker at the Hospital." Nikamsomea, nikamtafsiria: dobi wa hospitali. Kanirudishia tabasamu, kaenda kuanika nguo.
Nimeitazama tena. Imekaa uchi mno, na binamu atapita pale. Nimeongeza "Chief" mwanzoni, kwa herufi ndogo ndogo. Hata madobi lazima wawe na mkubwa wao.