Kijani cha Matete Yangu

Jumatano, 5 Februari
Balaa! Bi Retno wa ofisi ya mazingira anakuja Jumamosi. Maji ya karakana yangu ya batiki yakimtokea na rangi, anapiga kufuli. Nimekimbilia kitanda cha matete uani. Kazi yake moja tu: maji ya rangi yaingie huku, mizizi na kokoto viyachuje, yatoke kule meupe. Matete manjano, hoi bin taabani! Mke wangu Zumaroh anasema nimeyaua mwenyewe, kwa kumwaga humo maji ya kuchemshia vitambaa bila kuengua nta tunayochorea batiki. Kokoto zimeziba. Nikamjibu nta haijawahi kuua mtu.

Alhamisi, 6 Februari
Wali umenishinda. Jirani yangu Haji Tarmudi, mtia batiki pia, kachungulia ukutani akauliza kama nalima matete au naanika kuni. Matete yake yanang'aa, mshenzi yule! Akasema tuzioshe kokoto pamoja, na miche atanipa bure. Mimi, nioshe kokoto huku ananitazama? Afadhali nife.
Kisha wazo. Kwani mimi nani? Si mtia rangi?

Ijumaa, 7 Februari
Wafanyakazi wamepumzika, kama kila Ijumaa. Baada ya sala nimeshika brashi. Jani moja moja, kijani kile kile ninachotilia saruni za Idi. Mgongo unaniua. Lakini lo, shamba! Zumaroh katazama, akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 8 Februari
Bi Retno kasifia majani. Haji kaduwaa, akauliza natumia mbolea gani. Nikavimba kichwa.
Ikanyesha. Mungu wangu, ikanyesha!
Bi Retno kakinga chupa kwenye bomba la kutokea. Akauliza, kwa adabu zote, inakuwaje kitanda kinameza buluu na kutapika kijani. Nikasema ni utomvu. Akaomba nimwonyeshe viganja vyangu. Haji alicheka mpaka akaushika ukuta.
Kufuli limepigwa. Nikiwa na maji meupe mwisho wa Machi, litafunguliwa; nisipokuwa nayo, basi tena. Mafundi wangu wote wamehamia kwa Haji. Zumaroh kaenda kutafuta ndoo, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumapili, 9 Februari
Haji kaleta miche na chujio la kuengulia nta. Zumaroh yuko kitandani mwa matete tangu alfajiri, tope magotini, anaosha kokoto. Kanitaka nikamsaidie. Nimemwambia ninatafakari.
Na kweli nimetafakari, roho ikiniuma. Kosa nimeliona, naliandika bila haya: sikuikaza rangi! Mtia rangi mzima nasahau dawa ya kukazia, kama mwanafunzi!
Miche ya Haji nimeikagua. Mizima, ndiyo, ila kijani chake kimepauka kidogo.
Brashi iko wapi?