Gari la Baba Mkwe, Marekebisho Madogo Tu

Mheshimiwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepungua maumivu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa gari.

Najua utashangaa kuandikiwa na mtu unayemwona kila siku. Lakini ulipokuwa mkaguzi wa shule ulizoea kusema kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea. Nami, fundi cherehani niliyemwoa binti yako kwa idhini yako nusunusu, sina uso wa kukulalamikia ana kwa ana. Kalamu haina haya, ndiyo maana nimeishika.

YAH: OMBI LA KULIRUDISHA GARI ULILONIUZIA

Kwanza nieleze nilivyoingia mkenge. Uliniita kwako ukaniambia unauza gari lako la kifahari, la viti vya ngozi na dashibodi ya mbao, ulilolitunza tangu enzi za marehemu mama, na kwamba linahitaji marekebisho madogo tu. Moyo ulinidunda. Tangu nioe ulikuwa hujakanyaga kwangu, na ukinitaja ulisema "yule bwana". Nikajiambia kwamba nikilinunua gari hili nitakuwa mwanao. Hiyo ndiyo sababu, Baba, wala si usafiri. Mimi nafanyia kazi barazani kwangu. Nisafiri kwenda wapi?

Mnunuzi mwingine angefungua boneti. Mimi sikufungua. Mkwe anaanzaje kufungua boneti mbele ya baba mkwe, kana kwamba neno la mzee halitoshi? Nikalizunguka mikono ikiwa nyuma, nikasema zuri, nikarudia kusema zuri, nikakupa fedha kwa mikono miwili. Wanaouziwa mbuzi kwenye gunia angalau hulipapasa gunia. Gari likaja kwangu likivutwa kwa kamba, nawe ukanihakikishia kwamba kamba ni ya tahadhari tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu neno "madogo". Tulipofungua boneti tulikuta panya na familia yake mahali palipopaswa kuwa na betri. Injini ilikuwepo nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwenye buti, kila kipande kimefungwa kwenye gazeti. Heshima hainiruhusu kusema kwamba ulijua. Nasema tu kwamba yale magazeti yalikunjwa kwa unadhifu ambao sijauona kwa mtu mwingine yeyote.

2. Kuhusu fundi. Huyu ulimleta wewe, na mtaa mzima unamwita Bado Kidogo kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Alikuja kutazama kabureta, hajaondoka. Ana kikombe chake jikoni, na majirani wakinikosa humwachia yeye salamu zangu. Siku moja nilimvuta pembeni nikamuuliza kama gari hili litawaka kweli. Akatazama huku na huku, akanong'ona kwamba hawezi kulisema vibaya gari la mzee. Kwa hiyo sasa tuko wawili tunaoliheshimu gari badala ya kulitengeneza.

3. Kuhusu kazi yangu. Gari limeziba baraza lote. Bomba la moshi limelala juu ya meza yangu ya kukatia, na wateja nawapima vifua wakiwa wameegemea bampa. Bwana harusi mmoja alivaa suti niliyomshonea bila kujua kwamba mgongoni ina alama ya grisi, kiganja kizima cha Bado Kidogo. Picha zote za siku ile zinaonyesha kama mtu anamsukuma akaoe. Wakwe zake wameanza kuuliza maswali.

4. Mlango wa nyuma wa kushoto unafunguka kwa ndani tu, nawe umekataa kata kata kupitia mlango mwingine. Kila ukifika, lazima mtu aingilie kulia, atambae juu ya kiti mpaka kushoto, akufungulie. Mtu huyo ni mimi. Hufanya hivyo nikiwa na pini mdomoni.

5. Kuhusu ziara zako, na hapa ndipo penye uzito. Kila alasiri unakuja, unaketi kiti cha nyuma, unafungua gazeti, unamwelekeza fundi kwa fimbo. Binti yako anakuletea chai humo humo, anakaa kiti cha mbele, anageuka, mnazungumza mpaka giza linaingia. Nasikia mkicheka. Nikikukaribisha sebuleni unasema asante, hupendi kuliacha gari peke yake. Baba, ndani kwangu kuna makochi niliyoyashona kwa mkono wangu, na ukutani ipo picha yako ambayo hujawahi kuiona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni anakuja kila siku na mwenyeji yuko chini ya gari akishikilia tochi. Majirani wananiuliza kama nimekupangisha. Nacho cheo changu kimepanda kidogo tu, kutoka "yule bwana" hadi "mwenye gari". Inaniuma, Baba. Siwezi kusema vinginevyo.

6. Kuhusu ndoa yangu. Juzi tulipishana kauli na binti yako juu ya jambo la kipuuzi. Akaniambia anarudi kwa baba yake. Akafunga nguo zake, akabeba mto, akatoka, akaingia kwenye gari, akafunga mlango. Sijawahi kusikia mke aliyemkimbia mumewe bila kushuka barazani. Alasiri ulipofika, kesi ikasikilizwa kwenye kiti cha nyuma, wewe ukiwa mwenyekiti na Bado Kidogo katibu. Mimi nilisimama nje dirishani, nikapatikana na kosa. Sikatai hukumu. Nalalamikia kwamba mahakama ilikaa ndani ya mali yangu na mimi sikupewa hata pa kukaa.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu moja kati ya mambo mawili.

Ama ulichukue gari lako. Fedha sidai, na mvutaji nitamtafuta mwenyewe.

Ama, kama hilo ni gumu, unipe ruhusa ya kubomoa ukuta wa sebule upande wa baraza, gari lisogezwe, nyuma iwe ndani na mbele ibaki nje kwa ajili ya fundi. Mwashi ameshapima, anasema inawezekana ila dirisha litakufa. Hivyo utaendelea kukaa kiti chako, na gazeti lako, na chai yako, bila kusogea hata inchi moja, lakini utakuwa umeingia nyumbani kwangu. Mbele ya mashahidi nitaweza kusema kwamba baba mkwe wangu alifika, akaingia, akakaa. Sitaki zaidi ya hapo.

Nisalimie jirani yako wa kulia, na wa kushoto kama mmeshapatana, na yule paka, pamoja na wote wanaoniulizia, kama wapo.

Wako katika unyenyekevu na grisi,

Mwenye gari
(mume wa binti yako)

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha ndipo gari likawaka. Limewaka kweli, Baba, kwa sauti nzito ya mzee anayesafisha koo. Bado Kidogo alikaa chini, maana hakuwahi kujiandaa kwa siku kama hii. Mimi nikakimbilia simu nikuite uje uliendeshe mpaka kwako, mambo yaishe. Binti yako akatoka jikoni mikono imejaa unga, akasikiliza kidogo, akapenyeza mkono dirishani, akazima. Akaniambia, "Likipona, baba atakuja kufanya nini hapa?"

Na nikuambie ukweli, hata mimi alasiri ile uliyokwenda kutibiwa goti cherehani yangu haikuenda vizuri. Nilitambaa kwenye kile kiti kwa mazoea, nikafungua mlango wa kushoto, hapakuwa na mtu. Nilijisikia mpweke, Baba.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Mwashi nimemrudisha kwao. Niite upendavyo. Binti yako asijue nimekuambia, nawe ukifika usiuguse ufunguo. Kesho jitahidi kuja mapema. Bado Kidogo amegundua kasoro kwenye breki, na kwa makadirio yake itachukua miaka.