Gari la Alfani Kwao ni Msambweni

Msambweni, Septemba 1956

Kwa Bwana Chome, karani wa ofisi ya magari.

Salamu nyingi, na lawama juu yake. Mwezi wa Juni ulikuja hapa, ukala samaki wangu wa kupaka, ukalizunguka gari la mjukuu wangu Alfani, ukaamuru lisitoke uani mpaka ijulikane kwao ni wapi. Ukasema utarudi baada ya wiki. Sasa huu ni mwezi wa tatu tangu uondoke. Ndivyo ulivyolelewa, mwanangu? Mimi sikusoma. Anayeandika ni Maalim Sefu, nami nimemkataza kuyalainisha maneno yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Unasema Alfani ni mtu wa huku, lakini gari amelinunua Tanga anakofanya kazi ya mkonge, na namba yake ni ya Tanganyika, kwa hiyo halieleweki. Mimi nami nilitoka ng'ambo hiyo hiyo, nikaolewa hapa, nikazaa saba. Hakuna aliyenizunguka akinitafuta namba.

2. Mtoto akizaliwa kwetu, kitovu chake huzikwa na mnazi ukapandwa hapo. Gari halina kitovu, basi nimezika mpira wake wa ndani uliopasuka, nikapanda mnazi juu yake. Umeshachipua. Unataka ushahidi gani mwingine?

3. Ikiwa kila kitu kwao ni pale kinapofanya kazi, basi wewe kwenu ni mezani, na mama yako kule Waa aache kukupikia.

4. Kuku wangu ameatamia kwenye kiti cha nyuma, akatotoa vifaranga sita ndani ya namba ya Tanganyika. Nafaka wanayokula ni ya huku. Naomba kwa heshima uwaandikishe nao, ama unipe kibali cha kuwavusha mpaka wa nchi kila asubuhi wanaposhuka kula.

Kwa hayo, ligonge muhuri gari hili liwe la Msambweni, Alfani aende nalo kazini na kurudi. Mabasi yamemmaliza mgongo.

Nisalimie mkeo, na mama yako, na yule askari uliyekuja naye, aliyekomba sufuria.

Nimetia kidole, mimi Mishi binti Kibwana, bibi yake Alfani.

Nyongeza: Wino haujakauka, nimekumbuka jambo. Gari lilipokuwa likitembea, Alfani nilimwona sikukuu mbili kwa mwaka. Tangu ulisimamishe, anakuja kila Ijumaa kulipangusa vumbi, na chakula anakula hapa. Kwa hiyo ukija, njoo Jumatatu asipokuwapo. Njaa uje nayo, muhuri uuache ofisini.