Mama Angèle na Mutaalamu wa Frais

Mutu wa kawaida akisikia mwenzake analalamika, anamuonea huruma. Guylain akisikia mutu analalamika, anasogeza kiti. Basi pale mutaani Murara, siku Mama Angèle muuza maharagwe alipoanza kugombeza telefone yake, "We telefone, unakula kuliko watoto wangu," kiti kilikuwa kimeshafika mbele yake.

"Mama, ni frais za kutuma zinakusumbua?"

"Ni frais, mutoto yangu. Nikituma dola mia tano Kampala, inakula mbili na nusu. Nikituma makumi mbili, inakula mbili na nusu. Hii mashini haikusoma?"

"Ilisoma, Mama. Wewe njo haujue kutuma."

Inafaa tumujue huyu Guylain, maana yeye mwenyewe alijijua sana. Tangu benki za muji zikae na kufuli mulangoni, watu walijifunza kuweka dola ndani ya telefone, katika mifuko isiyoshikika kwa mukono. Guylain, kambiste wa kubadilisha franka, akajitawaza mutaalamu. Utaalamu wake ulikuwa wa kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyolisha. Alijua kwamba frais haiangalie uzito wa muzigo: dola kumi au elfu kumi, safari moja, bei moja. Basi mama kumi wenye kulipa muuzaji mumoja wa Kampala wakimuletea dola zao, alizituma zote kwa safari moja, akalipa frais mara moja, halafu akakata kila mama frais nzima. Ni kupakia watu kumi ndani ya teksi na kila mumoja alipe teksi yote. Padri angeita hiyo wizi. Guylain aliita servisi.

"Sikia, Mama," akasema kwa sauti ya kuuzia dawa. "Barabara za kupitisha dola ni mingi. Ingine bei kali, ingine bei ya chini. Na kila barabara iko na essence yake. Hauwezi kutia dola ndani ya tanki ya pikipiki, si vile? Unatia essence, njo frais yenyewe, na frais inalipwa mbele. Mufuko wako iko na essence?"

"Sijue."

"Nisomee yale maneno kumi na mbili walikupa siku ya kuifungua, nikuangalilie."

Kwa asiyejua: yale maneno kumi na mbili ndiyo ufunguo. Kumuomba mutu maneno yake ni sawa na kumuomba ufunguo wa nyumba ili umuambie bei ya rangi. Mama Angèle alifungua fundo la kitenge, akatoa karatasi, akavaa miwani, akasoma polepole kama anaongoza rozari. Guylain akaandika; bic yake ilipokwama kwenye neno la saba, Mama alingoja.

"Umeandika vizuri? Nirudilie la saba?"

Mwizi mwenye akili angeshtuka. Guylain alishukuru.

Mama alipokwenda zake, akafungua ule mufuko ndani ya telefone yake mwenyewe. Dola elfu sita na mia mbili. Essence: sifuri.

Sasa, kapitali yote ya Guylain ilikuwa dola mia tatu na makumi munane. Kambiste mwenye kapitali ni bwana. Kambiste bila kapitali ni mutu amekaa barabarani. Lakini mbele ya elfu sita, kumi na tano ni nini? Akatia essence ya dola kumi na tano, akabonyeza kutuma. Telefone ikakataa, ikatoa mistari miwili ya kiingereza. Guylain hakujua kiingereza, na maandishi usiyoyajua unasoma ndani yake kile kilichomo moyoni mwako. Akasoma: frais haitoshi.

Miezi sita alikuwa anahubiri kwamba kila ugonjwa wa telefone ni frais. Mutu akihubiri sana, mwisho anaokoka yeye mwenyewe.

Akaongeza makumi ine. Telefone ikakataa.

"Leo barabara imejaa," akamuambia Josias, jirani yake mwenye kuchaji telefone za watu.

"Si wewe ulisema asubuhi frais haiangalie uzito?"

"Hiyo ni kwa mizigo midogo."

"Elfu sita ni muzigo munene?"

"Nani amesema elfu sita?"

"Wewe. Umeisema mara tatu, pekee yako, na macho ya kufunga."

Akaongeza mia moja. Ikakataa. Saa kumi ya jioni akakusanya yote iliyobaki, mia mbili na makumi mbili na tano, hata franka za chakula akazibadilisha, akatia. Hajabonyeza bado, dola zikaanza kutembea zenyewe. Elfu sita na mia mbili, zote, zikaenda. Akingali ameacha kinywa wazi, essence yake iliyobaki ikazifuata, kama mukia unavyofuata ngombe.

Alimukuta Mama Angèle kwenye maharagwe yake, pamoja na wenzake, Mama Rosine na Mama Mukamurenzi, kila mumoja na telefone kwenye magoti.

"Karibu, dokta. Umekuja juu ya maharagwe?"

"Nimekuja kuuliza kama ile mufuko iko bien."

"Iko bien sana. Mizigo ya Kampala iliyofika mupaka wa Bunagana imelipwa. Na essence tuliikuta imejaa mpaka mudomo."

"Pengine kuna mutu alikosea njia."

"Pengine. Umuite, tumurudishie. Atuambie tu mulango aliukuta wapi."

Guylain aliangalia maharagwe, moja moja.

"Mutoto anatoka jasho," akasema Mama Rosine. "Mumupe maji."

Mama Mukamurenzi ndiye aliyemuhurumia kwa maelezo. "Ile mufuko ni ya likirimba yetu. Tunachanga bote, halafu kila mumoja anakula kwa zamu yake. Kuingiza, yeyote anaingiza. Kutoa, lazima sisi watatu tubonyeze, kila mutu ku telefone yake. Tuliipanga vile juu tunajuana."

"Lakini Mama Angèle, ulinisomea maneno yote!"

"Nilikusomea. Ulisema unajua kupunguza frais, na haukudanganya. Tangu Pasaka tumesomea wataalamu bane, na tangu Pasaka hatujalipa frais hata siku moja. Wale wengine walitia dola kumi, wakakimbia. Wewe njo wa kwanza mwenye imani."

Guylain akachuchumaa. "Bamama, ile ilikuwa kazi yangu yote. Basi munihesabie kama nimechanga. Zamu yangu ikifika, nitakula."

Wale watatu wakaangaliana. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomupa matumaini.

"Kuchanga amechanga," akasema Mama Angèle, akabonyeza kutoa ku telefone yake.

"Mutoto wa watu," akasema Mama Rosine, naye akabonyeza.

Mama Mukamurenzi aligeuza telefone yake huku na huku. "Yangu imezima. Ukinitafutia courant ya kuichaji, nitabonyeza."

Guylain akaruka na telefone mukononi kama amebeba yai, akashuka mbio mpaka kwa Josias. Josias akapokea ile telefone, akaipangusa vumbi, akanyoosha kiganja.

"Franka mia tano."

Guylain akatia mukono mufukoni. Akauacha humo muda mrefu.

"Nitakulipa baadaye, Josias. Kuna pesa inakuja."

"Inakuja, najua," akasema Josias, na kiganja bado kimenyooka. "Lakini frais inalipwa mbele, mutaalamu. Wewe njo ulitufundisha."