Friza Inayodai Samaki wa Jana

Hakuna mji duniani ulioendelea kama Elmina yetu, hapa pwani ya Ghana. Nasema hivyo kwa sababu nimeitembea dunia yote, kuanzia Elmina mpaka Takoradi, na Takoradi kwenyewe niliishia stendi, nikarudi.

Maendeleo yetu yaliletwa na Kampuni, kwa tangazo rasmi, spika nne na tarumbeta: wabanika samaki wote wameingizwa katika Mfumo Jumuishi wa Maisha. Mfumo ulianza na gemu ya kuvua samaki, bure kabisa. Ila ilikubali simu ya Kampuni tu. Na chambo kililipiwa kwa pesa ya simu ya Kampuni tu. Na aliyetaka wavu usiochanika alishauriwa achukue friza ya Kampuni, ambayo, kwa nia njema ya kumjenga mteja kiuaminifu, ilifunguka asubuhi kwa yule tu aliyevua samaki watatu jana yake kwenye gemu.

Maame Araba Mensima aliona ni jambo la busara. Alivua akiwa chooni, alivua kanisani sadaka ikipita. Friza ikamtii.

Kisha Kampuni ikaamua kuheshimu mila. Mkurugenzi wa Furaha, Bwana Ebo Quansah, akatangaza kwamba kwa kuwa Jumanne hakuna mtu wa Elmina anayeingia baharini, bahari ya gemu nayo itafungwa kila Jumanne. Wanawake wakampungia leso nyeupe.

Jumatano friza zote zikagoma.

Ya Maame Araba ilikuwa imebeba samaki wa mazishi ya dada yake, yaliyopangwa Jumamosi. Wasipoingia motoni leo, waombolezaji watakula pole. Alivuta mlango, akaupiga teke, akaubembeleza kwa jina la marehemu. Wapi.

Mchana Mkurugenzi akaja na koti lake, akizungusha rundo la funguo kidoleni.

"Wateja wapendwa, mfumo haujakosea. Kilichopungua ni ushirikishwaji wenu."

"Hicho ndicho kitu gani, bosi?" akauliza Maame Araba.

"Yaani mmekuwa wavivu, mama."

"Mimi mvivu? Kidole gumba kimeota sugu kwa kuvua samaki wasio hata na harufu!"

"Mpe, Maame, mpe!" wenzake wakapiga kelele. "Huyo hajawahi kumgusa samaki hata mkia!"

Mkurugenzi akanyoosha tai. "Mimi ni mteja kama ninyi. Friza ninayo ileile. Leo asubuhi nimeigusa tu, ikafunguka, nikatoa maziwa yangu."

"Bila samaki?"

"Samaki watatu, mama. Nimewavua jana kwa mkono wangu, kwa nidhamu."

Maame Araba akakaza kitambaa chake kiunoni. Akauliza kwa upole, kama anayemuuguza mtu:

"Jana ilikuwa siku gani, baba?"

Mkurugenzi akafungua mdomo aseme Jumanne. Mdomo ukabaki wazi, Jumanne haikutoka.

"Bahari umeifunga mwenyewe, kwa spika nne. Wewe ulipitia wapi?"

Funguo zikaacha kuzunguka kidoleni, na hapo ndipo Maame Araba alipouona, katikati ya rundo, ufunguo mdogo wa chuma wenye nembo ileile iliyobandikwa kwenye friza yake.

"Upo..." Mkurugenzi akakohoa. "Upo utaratibu mbadala. Wa friza zote. Kwa matumizi ya uongozi."

Maame Araba akanyoosha kiganja.

"Lete huo utaratibu hapa."